Bendi ya Shule, Mtawa, na Majina Yaliyokosekana: Uhakiki wa Missa Luba

Nianze kwa kuungama, maana makala yenyewe inahusu Misa. Kabla sijaja chuoni nilikuwa mpiga kinanda wa bendi ya shule. Shule ilikuwa ya bweni, ya Kanisa, na sitaitaja. Tulikuwa vijana saba na mtawa mmoja. Sisi tulitaka roki: magitaa mawili ya umeme, ngoma za kizungu, na kelele. Yeye, bradha wa makamo mwenye kanzu ya kahawia, alipiga gitaa la besi, na alilipiga barabara. Jamani, mtu asidhani ninamdharau. Bila kanzu ile magitaa yale yasingetoka stoo hata siku moja. Mwalimu wa zamu alikuwa akija kutunyamazisha, anamkuta bradha ameinamia besi yake, anaondoka zake kimya.

Mwaka wetu wa mwisho tulirekodi nyimbo sita kwenye studio ya mjini, tukatoa nakala mia mbili za kuuza siku ya mahafali. Wimbo uliopendwa kuliko yote, ule uliowafanya hata wazazi wasimame, haukutoka kwa bradha. Uliletwa na mwenzetu mmoja aliyeusikia kwa bibi yake. Ulikuwa mbolezi ya msibani. Sisi tuliutia magitaa, bradha akaupangia sauti ya pili na ya tatu, na yale maneno ya bibi ambayo hatukuyaelewa tukayaondoa, tukaweka ya kwetu ya kumsifu Bwana. Kazi ya kuandika maneno ya jalada nilipewa mimi, kwa kuwa nilisifika kwa insha. Nikaandika kwamba nyimbo zote zimetungwa na Bradha Fulani. Niliona hiyo ndiyo heshima. Mwenzetu alisoma, akacheka, akasema, "Bibi atafurahi kusikia siku hizi amekuwa bradha." Kisha hakuimba nasi tena wimbo ule.

Kicheko kile sikukielewa mpaka mwaka huu, nilipoisikiliza kwa makini Missa Luba, kazi ya bendi nyingine ya shule iliyokuwa na mtawa, zaidi ya miaka sitini iliyopita. Makala hii inauliza swali moja tu: Missa Luba ni ya nani? Ninajua kwamba swali hilo linaonekana kuwa la wanasheria na watu wa hakimiliki. Nitajaribu kuonyesha kwamba ni la wahakiki, na kwamba jibu lake halimo kwenye jalada peke yake, limo ndani ya matini.

Kamina na Manju wa Mfalme

Kamina ni mji wa Katanga, kusini mwa Kongo, kwenye njia panda ya reli. Huko Kiluba na Kiswahili vinaishi pamoja, kwa hiyo tusiichukulie habari hii kuwa ya ugenini. Septemba 1953 Padre Guido Haazen, Mbelgiji aliyezaliwa Antwerp mwaka 1921, mtawa wa shirika la Wafransisko, alishika uongozi wa shule ya Kamina. Mwaka uliofuata aliunda kwaya ya wanaume na kikundi cha wapiga ngoma. Kundi zima lilikuwa na wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15. Wanaojua mambo ya utawa watanisahihisha kwamba Mfransisko si mmonaki: mmonaki hukaa na monasteri yake, Mfransisko ni mtawa wa barabarani. Sawa kabisa, na tofauti hiyo ina maana hapa. Mtu wa barabarani ndiye anayesikia nyimbo za barabarani.

Bendi ilipewa jina la Kifaransa, Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya Baudouin aliyekuwa mfalme wa Ubelgiji tangu 1951. Ukilitia katika Kiswahili chetu unapata Manju wa Mfalme Baudouin. Sasa hebu tujiulize, manju kwetu ni nani? Ni fundi wa ngoma anayetunga na kuongoza wimbo uwanjani, na kijiji kizima humjua kwa jina lake. Akifika mahali watu husema, "Leo fulani yupo." Kamina walikuwako manju wapatao sitini, na jina lililobaki juu yao wote likawa la mtu mmoja ambaye hakuimba hata noti moja.

Tarehe 23 Machi 1958 Misa yao iliadhimishwa kwa mara ya kwanza katika misheni ya Mtakatifu Bavo, hapo hapo Kamina. Mwaka huo huo walizunguka Ulaya, wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na walifika kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Msomaji akumbuke maonyesho yale yalivyokuwa. Sehemu mojawapo ilikuwa na kijiji cha Wakongo, watu hai walioketi nyuma ya ua wa mianzi wakifanya kazi za mikono huku wageni wakiwatazama, na baadhi ya wageni wakiwafanyia kejeli. Upande mmoja wa maonyesho Mkongo anatazamwa, upande mwingine anasikilizwa. Nadhani watoto wale waliijua tofauti hiyo kuliko sisi tunaoisoma leo vitabuni.

Jambo moja la kiufundi ni lazima lisemwe kabla hatujaendelea. Mwaka 1958 Misa ilikuwa kwa Kilatini. Hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, iliyozifungulia mlango lugha za watu, ilitoka tarehe 4 Desemba 1963. Kwa hiyo watunzi wa Kamina hawakuwa na ruhusa ya kugusa neno. Bwana utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu, Mwanakondoo: yote yalikuwa yamekwisha kuwekwa na Kanisa tangu zamani. Uhuru wao wote ulikuwa kwenye sauti, pumzi na ngoma. Kazi haikuandikwa kwanza kwa nota kisha ikafundishwa. Ilizaliwa mazoezini, kwa kujaribu na kubuni papo kwa papo, na mapambo mengi ya mwimbaji kiongozi yalibuniwa wakati wa kuimba. Hapa ndipo tatizo letu linapoanza. Kitu kilichozaliwa vinywani mwa watu sitini kiliingia kwenye santuri, na santuri inataka jina.

Santuri yenye pande mbili

Mwaka wa kwanza tunafundishwa kwamba fani na maudhui ni kama pande mbili za sarafu moja. Mfano huo umechoka, lakini hapa nitauazima nigeuze sarafu iwe santuri. Toleo la Missa Luba lililoenea nje katika miaka ya 1960 lilikuwa na Misa upande mmoja, na upande mwingine nyimbo za Kongo zilizoimbwa na bendi hiyo hiyo: za harusi, za kutoka matangani, za kazi, za askari. Waimbaji ni wale wale. Lakini tazama jinsi pande hizo zilivyokuja kupewa wenyewe.

Upande wa Misa umepewa mtu. Katika orodha nyingi za maktaba na za maduka ya muziki, Padre Haazen anatajwa kuwa mtunzi. Nyingine humwita mpangaji au kiongozi. Upande wa nyimbo za Kongo umepewa umma. Hizo ni nyimbo "za asili", yaani za kila mtu, yaani hazina mwenyewe. Mojawapo, wimbo wa askari uitwao Banaha, huimbwa mpaka leo na kwaya za shule katika nchi nyingi sana, na mahali pa jina la mtunzi huandikwa kwamba ni wimbo wa kienyeji wa Kongo. Basi.

Watu wengi wakigundua kosa la kwanza hukimbilia la pili kuwa ndiyo tiba. Wanasema: aa, mtawa hakutunga, waliotunga ni Waluba! Na sisi wa fasihi simulizi ndio wepesi zaidi wa kusema hivyo, tena kwa fahari, kwamba sanaa ya Mwafrika ni mali ya jamii. Mimi ninasema makosa hayo mawili ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Ukisema kazi ni ya mtawa, umewafuta watu sitini. Ukisema kazi ni ya kabila, umewafuta wale wale sitini, ila safari hii umewafuta kwa sifa. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, ametufundisha kuiona fasihi hiyo kama tukio lenye fanani, hadhira, mahali na wakati. Tukiamini hivyo kweli, basi hakuna tukio ambalo fanani wake ni "kabila". Kabila halina koo la kupaza sauti. Aliyepaza sauti Kamina ni mtu, na angalau mmoja jina lake tunalo: Joachim Ngoi, mwimbaji kiongozi. Yeye ndiye anayepanda juu peke yake huku kwaya imemshikia chini, na mapambo mengi ambayo wasikilizaji wa Ulaya waliyaita "roho ya Afrika" ni maamuzi ya Ngoi, aliyoyafanya kwa koo lake, siku ile.

Tena hilo kabila lenyewe ni lipi? Kazi inaitwa Luba, lakini ukiipasua sehemu kwa sehemu unakuta mambo mengi. Bwana utuhurumie, Utukufu na Nasadiki zinafuata muundo wa kasala, utanzu wa Waluba wa Kasai. Mtakatifu umejengwa juu ya wimbo wa kuagana. Hosana ni ngoma ya kuchezwa ya Kasai. Mwanakondoo umetokana na wimbo wa Bena Lulua wa Luluabourg, mji ambao leo ni Kananga. Oktoba 1959, mwaka mmoja na nusu tu baada ya Misa ile ya kwanza, Waluba na Bena Lulua walipigana vibaya mjini Luluabourg, na damu ikamwagika. Wimbo wa upande mmoja ulikuwa umekwisha kuingia ndani ya Misa yenye jina la upande wa pili, ukiomba amani. Jina Luba juu ya jalada linaficha hilo. Mhakiki anayesema "Waluba walitunga" hajaokoa chochote. Amebandika tu lebo nyingine juu ya lebo.

Kasala ni utanzu wa majina

Sasa tuingie ndani ya matini, maana uhakiki wa jalada peke yake ni umbea.

Kasala ni nini? Wataalamu wa Kongo kama Patrice Mufuta na Clémentine Nzuji wameuchambua utanzu huu kwa kina. Kwa kifupi, ni ushairi wa kughani au kuimba, hasa wakati wa msiba, ambamo mghani humwita marehemu na ukoo wake kwa majina yao na kwa majina yao ya sifa. Kwa istilahi zetu tungesema ni tondozi na mbolezi zilizooana. Wahaya na Wanyankole wana majigambo yenye kazi inayokaribiana na hiyo. Moyo wa kasala ni jina. Huli pambi wimbo, ndilo wimbo wenyewe. Mghani anapotaja jina la babu, aliye hai anayelitumia jina lile hushtuka, hulia, hujua yeye ni nani na anadaiwa nini.

Chukua basi umbo hilo, ulimwage majina, utie maneno ya Misa. Hivyo ndivyo Bwana utuhurumie ya Kamina ilivyo. Mwimbaji kiongozi anaanza, kwaya inamwitikia. Mwito unarudiwa, unavutwa, unaanguka kama sauti ya mtu aliyechoka kulia. Umbo lote linangoja jina la mtu, na jina linalokuja ni moja tu, Bwana, mara tatu, Kristo, mara tatu, Bwana tena, kama ilivyoamriwa. Masikio yangu yaliposhika jambo hilo niliacha kusikiliza kwa raha.

Nisieleweke vibaya. Waliokuwa wakiimba walikuwa waumini, na sioni sababu ya kudhani kwamba kumwita Mungu kwa sauti ya kumlilia babu kulikuwa hasara kwao. Huenda ilikuwa kinyume: walimpa Mungu wa wamisionari ukoo. Kwa mara ya kwanza aliitwa Kamina kama anavyoitwa mtu wa nyumbani aliyefariki. Hilo ni tendo kubwa la kisanaa na la kiimani, na lilifanyika katika fani tupu bila kugusa neno hata moja. Hapa ule mfano wa sarafu unapasuka kabisa. Maudhui ya maandishi hayakubadilika hata nukta, lakini maana imehama. Kama kuna mwanafunzi mwenzangu bado anaamini kwamba fani ni nguo tu ya kuivika dhamira, asikilize sehemu hiyo kisha aniambie.

Lakini kejeli inabaki pale pale. Utanzu ambao kazi yake kuu ni kutaja majina ya watu umezaa kazi maarufu duniani ambayo majina ya watu wake karibu yote hayajulikani.

Sauti iliyotoroka shule

Kazi ikishatoka mikononi mwa wenyewe haiulizi njia. Mwaka 1964 Pier Paolo Pasolini aliutumia Utukufu wa Kamina katika filamu yake ya Injili ya Mathayo. Mwaka 1968 Lindsay Anderson alitoa filamu iitwayo if...., inayohusu shule ya bweni ya wavulana Uingereza, yenye kanisa, gwaride, viboko na wazee wa heshima. Kijana Mick Travis, aliyeigizwa na Malcolm McDowell, anaipiga santuri ya Mtakatifu tena na tena. Mwisho wa filamu wanafunzi waasi wanapanda darini siku ya sherehe ya shule na kuwamiminia risasi wageni rasmi. Filamu ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 1969, na mwaka huo huo Mtakatifu ukaingia kwenye orodha ya santuri zinazouzwa sana Uingereza, ukafika nafasi ya 28. Hebu fikiria: bendi ya shule ya msingi ya Katanga, yenye padre mbele, imo kwenye orodha moja na magitaa ya roki ya miaka ile. Sisi na besi ya bradha wetu hatukufika hata redio ya mkoa.

Wahakiki wa filamu wameeleza mara nyingi kwamba wimbo ule ni sauti ya uhuru na ya porini inayompa Travis nguvu ya kuasi. Hapo ndipo ninapotia mguu. Porini wapi, bwana? Sauti ile ni ya shule! Ni ya watoto wa miaka 9 hadi 14 waliojipanga mstari chini ya mkuu wa shule aliyevaa kanzu, wakiimba maneno ya kanisa, katika koloni. Shule ya filamu na shule ya Kamina zilikuwa mbali kwa maili, lakini kwa kengele na mistari zilikuwa karibu kuliko alivyodhani Travis. Kama wimbo una uasi ndani yake, na mimi nadhani unao, basi ni uasi uliofanywa ndani ya mstari, na wanafunzi ambao hawakuwa na bunduki wala dari. Na msisahau kwamba Mtakatifu ulijengwa juu ya wimbo wa kuagana. Travis anausikia kama mwanzo. Aliyeutoa kwao alikuwa akiimba buriani.

Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wa Kongo, Mfalme Baudouin alisimama Léopoldville akaisifu kazi ya Leopold wa Pili, na Patrice Lumumba akamjibu hadharani. Siku chache baadaye, tarehe 11 Julai, Katanga ilitangaza kujitenga. Jina la mfalme lilipata jibu lake katika historia. Kwenye jalada la santuri liliendelea kuuzwa.

Tumtetee mtawa

Ningeishia hapo ningekuwa nimeandika hati ya mashtaka, na mhakiki si polisi. Padre Haazen, aliyefariki mwaka 2004, anastahili haki yake.

Kwanza, alisikia. Zama zile zilikuwako shule za misheni ambako mtoto aliadhibiwa kwa kupiga ngoma ya kwao. Yeye aliiingiza kanisani miaka mitano kabla ya Mtaguso kutoa hati. Pili, aliwapa watoto muda, mahali na kinga, kama bradha wetu alivyotupa stoo ya magitaa. Katika fasihi simulizi tunasema mahali na wakati ni sehemu ya kazi. Basi aliyetoa mahali na wakati naye yumo ndani ya kazi. Tatu, alichagua: hiki kibaki, kile kitoke, wimbo wa Lulua ukae mwishoni. Kuchagua ni usanii. Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka kumfuta. Ninachotaka ni kumwita kwa kazi aliyoifanya: mwanzilishi, mpangaji, kiongozi. Kiswahili kina maneno ya kutosha. Kuna manju, kuna malenga, kuna mghani, kuna mpangaji, kuna mkusanyaji. Ni uvivu wetu unaoyafinyanga yote kuwa mtunzi mmoja.

Tena yeye hakuwa peke yake katika mazoea hayo. Miaka michache kabla, mtawa mwingine Mbelgiji wa shirika hilo hilo, akifanya kazi Katanga hiyo hiyo miongoni mwa Waluba hao hao, alitoa kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu. Ndiye Placide Tempels, na kitabu kilitoka mwaka 1945. Kilisifiwa kwa kumtambua Mwafrika kuwa mtu anayefikiri, na Aimé Césaire mwaka 1950 alikishambulia kwa kuwapa watu falsafa huku wakiendelea kunyang'anywa ardhi na jasho. Mimi ninaongeza dogo tu: katika kitabu kile anayefikiri ni Mbantu, lakini mwenye jina ni Tempels. Katika santuri anayeimba ni Mluba, lakini mwenye jina ni Haazen. Upendo wa watu hawa wawili kwa Waluba ulikuwa wa kweli, siutilii shaka. Upendo usiotaja jina la mpendwa, hata hivyo, una kasoro.

Deni letu

Mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Kenya, ikiongozwa na Boniface Mganga, ilitoa santuri yake ya Missa Luba. Nikiisikiliza ninasikia kwaya iliyokomaa, imara, yenye sauti zilizopangika, lakini pia ninasikia jambo la ajabu. Yale mapambo yaliyobuniwa papo kwa papo Kamina sasa yamekuwa matini ya kufuatwa. Waafrika wa Mashariki wanaufuata ubunifu wa mtu mmoja wa Katanga kana kwamba ni sheria, na wengi wanaousikiliza hawajui ni wa nani. Hapo ndipo nilipomkumbuka mwenzetu na kicheko chake.

Likizo iliyopita nilimpigia simu. Nilimwambia ninaandika makala, ninataka kusahihisha jalada, nimwandikeje? Akasema, "Sijatunga mimi, muulize bibi," akampa simu. Nilimwamkia, nikamweleza kwa taabu. Bibi akasema wimbo ule naye aliupokea kwa wifi yake, lakini alipofiwa aliutia wa kwake ndani. Nikamuuliza wa kwake maana yake nini. Akaniambia, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, kwamba yale maneno tuliyoyaona hayaeleweki yalikuwa majina. Ya watoto wake wanne.

Sitayaandika hapa, wala jina la bibi, kwa sababu nilipoomba ruhusa alisema yale ni ya kuimbwa, siyo ya gazeti. Hiyo pia ni haki ya mwenye kazi, na kuliandika jina la mtu bila ruhusa ni dhambi pacha ya kulifuta. Lakini nimejifunza jambo ambalo jalada lisingenifundisha. Nilidhani kosa langu lilikuwa mstari mmoja nyuma ya jalada. Kumbe tulikuwa tumeanza zamani, studioni, tulipoondoa majina manne ya wafu ili wimbo upendeze. Ya Kamina na ya kwetu yakawa hadithi moja.

Wanafunzi wenzangu, kila mwaka tunatumwa vijijini kukusanya fasihi simulizi. Tunarudi na kinasa sauti kilichojaa, na katika ripoti tunaandika: mtoa taarifa namba nne, mwanamke, umri miaka sabini. Jina letu linakaa juu, kwa herufi kubwa. Ninapendekeza kwa walimu wetu kwamba fomu ya utafiti iwe na nafasi tatu: aliyeimba ni nani na anataka atajweje, aliupokea kwa nani, na ndani ya wimbo ametajwa nani. Nafasi ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo muhimu. Tusipouliza tutaendelea kuyaita majina ya watu maneno yasiyoeleweka.

Nakala moja ya nyimbo zetu bado ninayo. Juzi nilikata kalamu ya wino mweusi kwenye mstari wangu wa zamani, nikaandika pembeni: besi na mpangilio wa sauti, Bradha, wimbo wa tatu, bibi yake rafiki yetu, aliyeupokea kwa wifi yake, maneno yamepunguzwa na sisi. Zimebaki nakala mia moja tisini na tisa, na mengi ya majalada hayo sijui yako kabati la nani.